Jiko la udongo: Muundo usio na mwenyewe na taabu zake

JIKO la makaa lenye kikombe cha udongo ndani na bati nje ni miongoni mwa vifaa vichache vilivyosanifiwa hadharani jijini Nairobi, kisha vikaachwa bila kusajiliwa kuwa mali ya mtu au kampuni yoyote.

Kazi hiyo ilishika kasi baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya, uliofanyika Nairobi mwaka wa 1981. Wizara ya Nishati, kwa ufadhili wa Marekani, ilishirikiana na KENGO, muungano wa mashirika ya nishati na mazingira uliokuwa na ofisi zake Westlands, kuwafunza mafundi wa jua kali. Muundo ulichanganya jiko la ndoo la Thailand na lile la bati tupu lililozoeleka nchini.

Baada ya majaribio likapatikana jiko lenye kiuno chembamba: sehemu ya juu hushika kikombe, ya chini hupokea majivu, na kitako kipana hulizuia kupinduka sufuria ya ugali inaposongwa. Likitengenezwa vyema, laweza kupunguza makaa kwa thuluthi moja hivi.

Kwa kuwa hapakuwa na wa kuombwa ruhusa, mafundi wa Shauri Moyo na Kamukunji waliiga, bei ikateremka, na jiko likavuka mipaka hadi Tanzania, Uganda na Ethiopia, ambako lilipewa jina Lakech.

Lakini uhuru uo huo ndio uliozaa taabu. Kikombe hutaka udongo ufaao, uliokaushwa polepole na kuchomwa barabara. Kati yake na bati hutiwa saruji iliyochanganywa na vamikulaiti, madini mepesi yanayozuia joto kupotea. Fundi anayetaka kuuza kwa bei ya chini huacha vamikulaiti, hupunguza unene wa kikombe, kisha hupaka rangi. Mnunuzi haoni kasoro hadi udongo upasuke. Hapo lawama hulifuata jiko lenyewe, wala si aliyelifanyia hila.

Aliye mwaminifu naye hapati nafuu. Akivumbua marekebisho, jirani huyaiga wiki ijayo bila kugharimia majaribio.

Mvutano huu si wa Kenya pekee. Kampuni ya MakerBot ya Marekani, iliyokua kwa michoro ya wazi ya mashine za kuchapa vitu, ilifunga muundo wa mashine yake mpya mwaka wa 2012, na wachangiaji wengi wakalalamika.

Programu ya kompyuta hunakiliwa bila kupungua. Jiko hunakiliwa kwa nyundo na jicho, na kila nakala huweza kupotoka kidogo. Vipimo vilichapishwa mwaka wa 1991 katika mwongozo wa Hugh Allen, tena kwa Kiingereza, ilhali ufundi huu hurithishwa kwa kutazama mikono ya fundi mkuu.