Watafuta Dafina wa Mara

Katika nchi ya Mara, iliyo mashariki ya Ziwa Viktoria, tangu rasi ya Musoma mpaka mlima Balili ulio juu ya mji wa Bunda, na tangu hapo hadi vilima vya mawe vya Butiama, ipo hekaya moja ambayo kila kizazi kimeipokea kwa kilichotangulia bila ya kudai shahidi, nayo ni kwamba Wajerumani walipoondoka waliacha mali yao ardhini, na kwamba mali hiyo ingalipo, imewekewa alama, na inamngoja mtu mwenye macho ya kuzisoma. Wanaume wengi wamepoteza usingizi kwa ajili ya hekaya hii, na baadhi wamepoteza na ng'ombe wao. Lakini aghalabu waliokwenda kuchimba walirudi na kitu ambacho hawakukitafuta, yaani masahibu wa maisha na visa vya kuchekesha baraza. Historia ya watu hawa inastahili kuandikwa kwa insafu, kwani ni sehemu ya historia ya Mara sawasawa na historia ya wavuvi wake na wafugaji wake.

Hekaya yenyewe haikuzuka bure. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1886 uliuweka upande huu wa ziwa mikononi mwa Wajerumani, nao wakajenga boma Shirati, karibu na mpaka, na boma jingine Ikoma, ukingoni mwa mbuga za Serengeti. Mwaka 1898 walianzisha katika koloni lao kodi ya kibanda, ambayo mtu wa shamba aliilipa kwa rupia 3 kwa mwaka, na kwa njia hiyo fedha ya chuma ikaingia taratibu katika nyumba ambazo hapo kwanza zilihesabu utajiri kwa ng'ombe, mbuzi na majembe. Rupia ile ilikuwa na sura ya Kaizari Wilhelm wa Pili, amevaa kofia ya chuma yenye tai kileleni, na masharubu yake yamesimama. Mtu akiiweka kiganjani leo, ikiwa bado haijasagika, huhisi uzito wa fedha halisi, na huelewa mara moja kwa nini bibi zetu walizivaa shingoni wakati zilipokwisha kukataliwa dukani.

Vita Kuu ilipofika, meli za Waingereza zikaziba njia ya bahari, sarafu zikaadimika, na mwaka 1916 Wajerumani wakaanza kupiga sarafu zao wenyewe Tabora, katika karakana ya reli, zikiwemo sarafu za rupia 15 za dhahabu iliyochimbwa Sekenke, zenye picha ya tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Za dhahabu zilipigwa 16,198 tu. Tarehe 14 Julai mwaka huo Waingereza wakaitwaa Mwanza, na mwezi Septemba Wabelgiji wakaingia Tabora. Mwaka uliofuata, kikosi cha Kijerumani kilichotokea kusini chini ya Kapteni Wintgens kikapanda kuelekea kaskazini, na Wintgens alipougua homa na kujisalimisha mwezi Mei, Luteni Naumann akaendelea na askari wake hadi Ikoma, akapambana hapo na Wabelgiji, kisha akaingia tena nyikani akiwa anafukuzwa, mpaka alipoweka silaha chini mwanzoni mwa Oktoba 1917.

Basi mfikirie mchungaji wa zama zile, aliyelala na mifugo yake porini, akiona jeshi lisilo na gari wala reli likipita upesi na wapagazi wake, huku nyuma yake likifuatwa na jeshi jingine. Angeachaje kujiuliza ni mizigo gani iliyotuliwa njiani ili miguu iwe myepesi? Swali hilo moja, likitoka kwa mtu mwaminifu, latosha kuzaa hekaya ya miaka mia. Wala hapakuwa na upungufu wa ushahidi wa kuitia nguvu, kwa kuwa sarafu za Wajerumani kweli zilitoka ardhini, na zinaendelea kutoka, jembe la mkulima likizigonga wakati wa masika.

Lakini mimi naamini kwamba sehemu kubwa ya sarafu hizo hazikufukiwa na Mjerumani yeyote. Zilifukiwa na wenyeji. Mtu aliyekuwa na rupia chache za kodi au za mahari, katika zama ambazo benki ilikuwa baidi na moto wa nyumba ya nyasi ulikuwa karibu, alizitia katika chungu kidogo akakizika chini ya kitanda au kando ya zizi, na alipokufa kwa tauni au vitani, siri ilikwenda naye kaburini. Kwa hiyo dafina ya Mara ni akiba ya watu maskini, jasho la mababu wa hao hao wanaoichimba, na ukweli huu kwangu una heshima kubwa kuliko masanduku yote ya dhahabu ya hekaya.

Watafutaji hawakusadiki hivyo. Wao walisoma alama: mshale uliochongwa juu ya jabali, msalaba kwenye gome la mti mkongwe, mawe matatu yaliyopangwa kwa namna isiyo ya kawaida, na zaidi ya yote, bikoni, yaani nguzo za wapimaji wa ardhi. Hapa ndipo palipotokea msiba wa kuhuzunisha. Wapimaji wa mpaka baina ya koloni la Wajerumani na la Waingereza, waliofanya kazi yao kati ya mwaka 1904 na 1906 kutoka pale mstari wa digrii 1 kusini unapogusa ufukwe wa mashariki wa ziwa, waliacha nguzo nyuma yao, na wapimaji waliofuata wakaacha zao juu ya vilele vya vilima: kijiguzo cha saruji au chuma kilichopigiliwa mwambani, pembeni yake namba, na pengine alama ya pembetatu. Mtu asiyejua kazi ya upimaji akikiona kitu hicho kileleni, mahali pasipo na nyumba wala kaburi, alikuwa na kila sababu ya kudhani kuwa amefika. Bikoni nyingi nchini zimeng'olewa kwa sababu hiyo, na mashimo yakabaki wazi, na chini yake hapakuwa na kitu ila mwamba.

Uchimbaji wenyewe ulikuwa na adabu zake. Hakwenda mtu peke yake. Mmoja alikuwa mwenye siri, aliyeipokea kwa babu yake aliyekuwa mpagazi au mpishi wa boma. Wa pili alikuwa mwenye nguvu, ndiye mbeba sururu na mtaimbo. Wa tatu mwenye taa ya chemli. Na aghalabu wa nne mganga, kwa kuwa iliaminika kwamba mali iliyozikwa ina mlinzi, na mlinzi hana budi kuombwa radhi. Walikula kiapo cha kugawana sawa. Walichangishana unga na dagaa, wakapika ugali chini ya jabali wakingoja usiku ukomae, na katika kungoja huko ndiko kulikozungumzwa mambo ambayo wanaume hawayazungumzi nyumbani: madeni, watoto waliofariki, wake waliorudi kwao. Mjita alikaa na Mzanaki, Mkurya na Msukuma, wakitaniana kwa makabila yao mpaka machozi ya kicheko yakawatoka, ilhali mchana wake pengine wasingesalimiana sokoni.

Na mikasa haikuwaacha. Vijiwe vya Musoma na Bunda vinasimulia hadi leo habari za kenge aliyefumka katika pango wakati mganga amefumba macho akinuia, hata ikawa kila mtu alikimbia upande wake na taa ikavunjika, na viatu vikaokotwa kulipokucha. Au za mtaimbo uliogonga chuma, watu wakakumbatiana na kulia kwa furaha, na kulipopambazuka wakaona ni ukingo wa pipa kuukuu. Lakini mkasa uliokuwa mkubwa kupita yote, katika nchi hii ya wafugaji, ulikuwa ni kupigiwa yowe. Watu wanne wenye taa na mtaimbo usiku wa manane karibu na zizi la mwenzao hawawezi kueleza kwa haraka kwamba wao si wezi wa ng'ombe, na sungusungu hawana desturi ya kungoja maelezo marefu. Waliookoka waliokolewa na mtu mmoja aliyewatambua kwa sauti, na toka siku ile kijiji kizima kilikuwa na wimbo wa kuwaimbia. Hawakukasirika. Walizeeka wakiusimulia wenyewe, kila mmoja akimsingizia mwenziwe kuwa ndiye aliyekimbia wa kwanza.

Siwezi kuusifu undugu huu bila ya kutaja balaa lake. Wapo matapeli waliouza ramani za uongo, wakadai fedha za kununulia uvumba na kondoo mweusi, na kuwauzia wajinga rupia za bandia. Nyumba zimesambaratika kwa ajili hiyo. Pia Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimbua vitu vya kale bila ya kibali, na kwa haki.

Ardhi ya Mara, hata hivyo, haikuwadanganya watu kabisa. Buhemba na Kiabakari, zote zilizo katika wilaya ya Butiama ya leo, zilitoa dhahabu ya kweli katika migodi ya wakati wa Waingereza, na wachimbaji wadogo wa duara wanaendelea kuitafuta hadi sasa. Wengi wa watafuta dafina walijifunza kwanza kusoma mwamba huko.

Ughaibuni, tamaa hii ya kutafuta kilichofichwa ilipata sura nyingine, nayo yafaa tuijue. Mwaka 1854, katika nyika ya Dartmoor nchini Uingereza, kiongozi wa wasafiri aitwaye James Perrott aliweka chupa penye bwawa la Cranmere ili wafikao waache kadi zao, na kutoka hapo ukazaliwa mchezo wa masanduku ya barua yaliyofichwa. Kisha Mei 2000, serikali ya Marekani ilipoacha kuvuruga ishara za setilaiti zake ambazo raia walizitumia, hata kosa la mita 100 hivi likapungua kuwa mita chache, Dave Ulmer alificha ndoo karibu na Beavercreek katika jimbo la Oregon tarehe 3 mwezi ule, akatangaza mahali pake kwa digrii na dakika, na kabla ya siku nyingi ikawa imekwisha patikana. Ndio mwanzo wa jiokeshingi, mchezo wa visanduku ambao leo umeenea duniani. Sharti lake ni jepesi: ukipata, andika jina lako katika kitabu kidogo kilichomo, ukichukua kitu weka kingine, na ulirudishe sanduku pale pale kwa ajili ya ajaye baada yako.

Mikasa ya wachezaji wake ni ndugu wa mikasa yetu. Mwaka 2011, katika mji wa Wetherby, Uingereza, mtu alionekana akichakura pembeni mwa barabara, akadhaniwa anatega bomu, na wataalamu wa jeshi wakaja kukilipua kisanduku cha mchezo. Mzee wa Bunda aliyewahi kupigiwa yowe la wizi wa ng'ombe angemwelewa mtu yule bila ya mkalimani. Tena wachezaji hawa, kwa ajili ya mahali ambapo haifai kuacha kitu, wamebuni aina isiyo na sanduku, ambayo mtafutaji hufika, hutazama miamba na umbo la nchi, hujibu maswali, na huondoka mikono mitupu. Aina hiyo yaifaa Mara kuliko nyingine, kwa kuwa Serengeti ni hifadhi ambayo mtu haruhusiwi kushuka garini apendapo, na Butiama, pale Mwitongo, upo msitu wa Muhunda ambao Wazanaki wanauheshimu kwa ajili ya mzimu wao, wasikate mti wake. Karibu na msitu huo ipo nyumba ya Mwalimu Julius Nyerere, na Makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1999, ambamo mtoto wa shule hupata mengi ya kutafuta kwa macho.

Wazee waliochimba usiku wanazidi kupungua. Kwa hiyo nawaomba walimu wa historia wa Musoma, Bunda na Butiama wawatume wanafunzi wao kwa wazee hao wakiwa bado wako baraza, wayaandike masimulizi yao pamoja na vicheko vyake. Na nakuomba nawe msomaji, ukiikuta bikoni kileleni, uiache ilipo, na jembe lako likigonga rupia, uipeleke kwa maofisa wa mambo ya kale pamoja na habari ya mahali ulipoiokota.