Kibarua cha Saa Kumi kwa Wiki

Wadau, mnaijua hii. Mwanafunzi wa kompyuta akitaka hela ya haraka, kazi ya kwanza inayomjia kichwani ni kutengeneza tovuti. Hoteli inataka tovuti, kanisa linataka, mjomba mwenye duka la vipuri naye anataka. Kijana anakesha, anakabidhi kazi, analipwa nusu, imetoka hiyo. Mteja anaondoka na kila kitu. Leo niwaletee historia ya kibarua kimoja cha namna hiyo ambacho hakikuishia hapo.

Mwaka 2001 Jason Fried, mwenye kampuni ndogo ya kubuni tovuti iitwayo 37signals huko Chicago, Marekani, alikuwa anajifunza lugha ya PHP, akakwama. Akaliweka swali lake hadharani mtandaoni. Jibu likatoka Copenhagen, Denmark, kwa kijana aitwaye David Heinemeier Hansson, ambaye kuanzia 1999 hadi 2001 aliendesha tovuti ya habari za michezo ya kompyuta, Daily Rush. Fried akaona ni nafuu kumpa huyu kijana kibarua kuliko kuendelea kuumiza kichwa mwenyewe.

Kibarua kikazaa kibarua. Mwaka 2003 kampuni ilikuwa na wateja wengi na kazi zinapishana, ikataka programu ya kufuatilia miradi yake. Wakati huo David alikuwa anasoma Copenhagen Business School, kompyuta pamoja na biashara. Muda aliokuwa nao kwa kazi hiyo ulikuwa kama saa 10 tu kwa wiki. Tena Chicago iko nyuma ya Copenhagen kwa saa 7: huku mtu anamaliza siku, kule ndiyo wanakunywa chai ya asubuhi.

Sasa saa 10 unafanya nini? Yeyote aliyewahi kutengeneza tovuti anajua kwamba sehemu kubwa ya kazi ni kurudia yale yale: kuunganisha kanzidata, kuongeza taarifa, kuzionyesha, kuzirekebisha, kuzifuta. David aliachana na PHP kwa kazi hii, akachukua Ruby, lugha iliyotolewa mwaka 1995 na Mjapani Yukihiro Matsumoto. Kila alipoona anarudia jambo, alilitengenezea zana ili asilirudie tena.

Mfano mmoja. Ukitaja kitu kinachoitwa "project", zana zake zinajua zenyewe kwamba jedwali lake kwenye kanzidata linaitwa "projects". Huandiki maelekezo. Zilijua hata kwamba wingi wa "person" ni "people". Mtu na watu wetu, hapo ungelazimika kuzifundisha!

Februari 2004 programu ile ikatoka kwa umma kwa jina la Basecamp. Julai mwaka huo huo David akazikusanya zile zana, akazitoa bure kama programu huria: Ruby on Rails. Hapa ndipo penye kisa chenyewe. Basecamp ilibaki kuwa bidhaa ya kampuni. Lakini kwenye leseni ya Rails, hakimiliki imeandikwa jina la David. Nyumba ya mwenye nyumba, msumeno na randa za fundi.

Matokeo tunayajua. Twitter ilianza mwaka 2006 ikiwa imejengwa kwa Rails. Mwaka huo huo ikaja Shopify ya Canada, na GitHub ikafuata 2008. David mwenyewe alihamia Chicago mwaka 2005, akawa mbia katika kampuni iliyomwanza kama kibarua.

Najua mtasema Denmark si Dar. Kweli. Kule chuo ni bure na serikali inampa mwanafunzi posho ya kujikimu, huku bumu likichelewa mtu anakubali bei yoyote atakayotajiwa. Tena David alipata mteja aliyemwachia achague lugha ya kufanyia kazi. Wangapi wetu wana mteja wa hivyo?

Lakini kuna jambo moja lisilohitaji pesa za Denmark. Kijana anayetengeneza tovuti ya kumi bila kubakiwa na zana yoyote kutoka zile tisa ameuza usingizi wake tu. Kabla ya kuanza, ongea na mteja, mwandikiane hata karatasi moja: tovuti ni yako, zana nilizojengea ni zangu. Fundi seremala hata siku moja hamwachii mwenye kabati randa yake. Kwa nini sisi wa kompyuta tuziache?

Au mnasemaje, wadau?