Vipande vya Magazeti na Historia ya Mtwara

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo liliwakusudia wafanya biashara, lakini lawafaa pia wanaoandika historia. Mji nao ni mali. Habari zake zikikosa daftari hupotea, au husomwa katika daftari la mtu mwingine. Mtwara imepatwa na hili la pili.

Kabla ya Vita Kuu ya Pili mji uliojulikana katika pwani hiyo, kaskazini ya mlango wa Ruvuma, ulikuwa Mikindani. Mambo yaligeuka mwaka 1946, Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alipotoa shauri kwamba upungufu wa mafuta Uingereza uondolewe kwa kulima karanga kwa mashine katika Afrika ya Mashariki. Ujumbe wa John Wakefield ulizunguka nchi mwaka huo huo, ukapendekeza mashamba 107, kila moja la ekari 30,000. Katika hayo, 55 yalikusudiwa Jimbo la Kusini la Tanganyika. Mavuno ya nchi ya Nachingwea yalihitaji reli na bandari ya kina kirefu. Ndipo ghuba ya Mtwara ilipochaguliwa.

Mpango ulishindwa. Mwanzoni mwa mwaka 1951 serikali ya Uingereza iliutangaza kuwa umekwisha, na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa. Kwa muda wote huo magazeti ya London hayakunyamaza. Yaliyoipinga serikali ya Labour yalipata katika karanga fimbo ya kumpigia John Strachey, Waziri wa Chakula, na neno lenyewe likawa mithali ya upotevu wa fedha.

Habari hizo zilikatwa kwa mikasi zikawekwa. Ofisi ya Fabian Colonial Bureau, iliyoanzishwa London mwaka 1940 na Rita Hinden na Arthur Creech Jones, ilikuwa na desturi ya kukusanya vipande vya magazeti juu ya makoloni pamoja na barua zake. Na Creech Jones ndiye aliyekuwa Waziri wa Makoloni mpango ulipoanza. Karatasi za ofisi hiyo zimehifadhiwa Oxford. Huko huko, kuanzia mwaka 1963, zilikusanywa karatasi za watu waliotumikia makoloni, chini ya usimamizi wa J. J. Tawney, ambaye mwenyewe alikuwa ametumikia Tanganyika. Katika makasha ya namna hiyo shajara, barua za nyumbani, picha na vipande vya magazeti hulala pamoja.

Msomaji wa kipande hana budi kuuliza maswali matatu. La kwanza, nani alikikata? Mikasi ni hakimu: huokota neno moja na kuliacha la pili, na lililoachwa halionekani kasoro yake. La pili, kilikuwa wapi? Habari iliyojaza ukurasa wa kwanza na habari iliyofichwa chini ya matangazo ya sabuni huonekana sawa zikiisha kubandikwa. La tatu, tarehe iko wapi? Mara nyingi mkataji aliijua, kwa hiyo hakuiandika.

Lakini liko kosa kubwa kuliko hayo matatu, nalo ni la mwisho wa furushi. Furushi lililopewa jina la Karanga hufungwa karanga zinapokwisha, yaani mwaka 1951. Mtwara haikufungwa mwaka huo. Gati ya meli kubwa ilifunguliwa mwaka 1954, miaka mitatu baada ya mpango kufa. Reli iliendelea hadi mwaka 1962, kisha ikang'olewa. Bandari ikabaki, na korosho za kusini zikapita mahali palipotayarishiwa karanga. Aliyesoma vipande peke yake atasema kwamba Mtwara ni kaburi la fedha za watu wa Uingereza. Mzee aliyebeba mawe ya gati, au aliyehama Mikindani kufuata kazi, angesema kwamba hapo ndipo mji ulipozaliwa. Wote wawili wana haki ya kusikilizwa, lakini mmoja tu ndiye aliyewekewa kasha.

Si kwamba sauti ya pili haikuandikwa kamwe. Mambo Leo, gazeti la Kiswahili lililotolewa na serikali ya Tanganyika tangu mwaka 1923, lilichapisha barua na mashairi ya wasomaji kutoka majimboni. Nyaraka za Taifa huko Dar es Salaam, zilizopewa sheria yake mwaka 1965, zina majalada ya utawala wa majimbo. Na katika masanduku ya nyumba za pwani hukaa vyeti vya kazi, risiti za kodi, barua za ndugu waliovuka Ruvuma, na kurasa za magazeti zilizohifadhiwa kwa sababu jina la baba limo. Hivi navyo ni vipande, na vilikatwa na mikasi ya mapenzi badala ya mikasi ya siasa.

Adui wa masanduku hayo ni mchwa na hewa ya chumvi, nao hawangoji. Wanafunzi wa historia wanaokwenda kusini wayaulize masanduku hayo kabla ya kuyauliza makasha ya Oxford. Makasha yatakuwapo mwakani.