Njia ya Misafara na Swali la Mgeni: Fundisho la Usoke

Katika nchi za kibepari za Magharibi umezuka mjadala ambao kada wa Chama hana haki ya kuupuuza. Mjadala huo unahusu mambo matatu yaliyofungwa pamoja: huruma, wahamiaji na utaifa. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Makamu wa Rais wa Marekani, J.D. Vance, alitetea siasa ya kuwabana wahamiaji kwa hoja kwamba upendo una ngazi zake: familia kwanza, kisha jirani, kisha taifa, na walimwengu wengine baadaye. Februari mwaka huo huo Papa Fransisko aliwaandikia maaskofu wa Marekani akiipinga siasa hiyo, akawarudisha kwenye mfano wa Msamaria Mwema. Wapo pia matajiri wakubwa waliotamka hadharani kwamba huruma ndiyo udhaifu wa ustaarabu wa Magharibi.

Kwa hiyo swali linalobishaniwa huko ni hili: taifa liwe na huruma kiasi gani kwa mgeni? Sisi tunaona kwamba swali hilo limeulizwa vibaya tangu mwanzo. Linaichukua huruma kama sadaka ambayo mwenye nyumba hutoa akipenda na kunyima akichoka. Tena linamchukua "mwenye nyumba" kama kitu kilichokuwepo siku zote. Historia haikubaliani na dhana hizo mbili. Ili kulithibitisha jambo hili hatuna haja ya kwenda mbali. Tutasimama Usoke, stesheni ya reli ya kati baina ya Tabora na Urambo, katika nchi iliyopitwa na misafara kabla haijapitwa na treni.

NJIA ILIYOZAA JINA

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, na kuendelea magharibi mpaka Ujiji. Burton na Speke waliifuata mwaka 1857, nao waliikuta njia iliyokwisha kukomaa. Waliobeba uzito wake kwa mabega yao walikuwa wapagazi wa Kinyamwezi. Hata jina "Wanyamwezi" ni zao la njia hiyo. Watu wa pwani ndio waliowaita hivyo watu waliotoka bara la magharibi, ambao wenyewe walijitambua kwa utemi wao na kwa pande za nchi yao. Kabila tunalodhani ni la tangu na tangu lilipata jina lake kwa kusafiri na kuitwa na wageni.

Mnyamwezi naye alikuwa mgeni kwa watu. Msiri, aliyetoka upande wa Usumbwa, alikwenda na wenzake mpaka Katanga akajenga dola ya Garenganze, akaitawala mpaka alipouawa na askari wa msafara wa Wabelgiji mwaka 1891. Wazao wa wafuasi wake, Wayeke, wapo Kongo hadi leo. Hapa nyumbani, Mirambo, mtemi wa Uyowa aliyeijenga Urambo, alipoifunga njia ya Ujiji mwaka 1871 na kupigana na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora, hakupigana kwa jeshi la damu moja. Ruga-ruga wake walitoka nchi mbalimbali, na miongoni mwa washirika wake walikuwamo Watuta, watu wenye asili ya Kingoni waliotoka kusini ya mbali.

Tusiipambe njia hii. Ilipitisha pembe za ndovu na ilipitisha watumwa. Baadhi ya Wamanyema waliofika Ujiji na Tabora kutoka Kongo ya mashariki hawakuja kwa hiari yao. Lakini wazao wao ni Watanzania kamili, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayewauliza leo hati ya babu zao. Aidha, njia hiyo ilikuza desturi ya utani baina ya Wanyamwezi na makabila waliyopitia, kama vile Wazaramo na Wagogo. Utani ulimpa mpita njia haki: apate chakula, auguzwe, na akifa azikwe na watu wanaojua wajibu wao. Huruma hapo haikuachiwa moyo wa mtu mmoja. Ilifanywa kuwa kanuni.

MPAKA NI MDOGO KULIKO RELI

Reli ya Wajerumani ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Wakati treni ya kwanza inapita Usoke, Urundi na Ruanda zilikuwa ndani ya koloni moja na Tabora. Mwezi Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliiteka Tabora. Baada ya vita, Waingereza na Wabelgiji walikaa mezani mwaka 1919 wakagawana koloni la mshindwa, na Ruanda-Urundi ikawekwa chini ya Ubelgiji. Mrundi na Mnyamwezi hawakuulizwa.

Ni dhahiri basi kwamba mpaka unaomfanya Mrundi awe mgeni Usoke ni mdogo kwa umri kuliko reli ya Usoke. Hatusemi kwamba mipaka haina maana. Nchi huru za Afrika zilikubaliana mjini Cairo mwaka 1964 kuiheshimu mipaka zilizoirithi, nazo zilifanya hivyo ili kuepuka vita. Lakini kuuheshimu mpaka ni jambo moja, na kuuabudu kana kwamba umechorwa na Mungu katika damu za watu ni jambo jingine.

UAMUZI WA TABORA

Januari 1958 Mkutano Mkuu wa TANU ulikutana Tabora kuamua kama chama kishiriki katika uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimtaka kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mhindi mmoja. Uamuzi wa kushiriki, ambao baadaye uliitwa Uamuzi wa Busara, ulimfanya Zuberi Mtemvu ajitoe na kuunda chama cha African National Congress, kilichotaka Tanganyika iwe ya Waafrika peke yao. Katika uchaguzi wa Rais wa Novemba 1962 Mtemvu alipata chini ya asilimia 2 ya kura. Wananchi walikwisha kuchagua aina ya utaifa wanaoutaka.

Hata hivyo mapambano hayakuwa mepesi. Mwezi Oktoba 1961, muswada wa uraia ulipojadiliwa Bungeni, baadhi ya wabunge walitaka uraia ufuate rangi. Mwalimu Nyerere aliwapinga waziwazi na kuiweka serikali yake rehani kwa ajili ya kanuni hiyo. Hoja yake ilikuwa kwamba uraia ni utii kwa nchi, na kwamba anayeanza kuwabagua watu kwa rangi hana mahali pa kusimamia. Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, Mwalimu alikiita kitendo hicho kwa jina lake: ubaguzi.

Tukilinganisha, tutaona tabia ya ubeberu. Mwaka 1968 Waasia wa Kenya waliokuwa na pasi za Uingereza walipoanza kwenda huko, Bunge la Uingereza lilipitisha kwa siku chache sheria ya kuwafungia mlango raia wake wenyewe. Mwezi uliofuata ulipita, na tarehe 20 Aprili Enoch Powell akatoa hotuba yake ya chuki mjini Birmingham. Ujerumani Magharibi nayo ilitia saini mkataba na Uturuki mwaka 1961 ili ipate vibarua, na mwaka 1973, uchumi ulipoyumba, ikasimamisha kuwaajiri.

Watu wa Tabora wanaujua utaratibu huo. Ndio uliowapeleka babu zetu manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga, wakiwa pamoja na Warundi. Bepari alitaka mikono, hakumtaka mtu. Mikono ilipochoka, mtu alirudishwa kwao. Kinachoitwa Magharibi "tatizo la wahamiaji" ni matokeo ya uchumi unaomhitaji mfanyakazi asiye na haki, kisha unamlaumu kwa kuwepo.

ULYANKULU: HURUMA ILIYOPEWA JEMBE

Mwaka 1972 mauaji makubwa yalitokea Burundi, na maelfu kwa maelfu wakakimbilia kwetu. Makazi ya Ulyankulu, kaskazini mwa reli, yalianzishwa mwaka huo huo. Yakafuatwa na Katumba, na mwishoni mwa miaka ya 1970 na Mishamo, huko Mpanda, ambako watu wengi wa Ulyankulu walihamishiwa kwa sababu ardhi na maji havikuwatosha. Wakimbizi waligawiwa mashamba. Wakalima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku, wakajilisha na kuuza ziada. Ilikuwa miaka ile ile ambayo wakulima wa Tabora nao walikuwa wakihamia katika vijiji. Mwenyeji na mgeni walikuwa wakianza upya kwa wakati mmoja.

Mwaka 1980 nchi yetu ilitoa uraia kwa Wanyarwanda wapatao 36,000. Mwaka 2007 wakimbizi wa 1972 walipewa hiari ya kurudi Burundi au kuomba uraia, na wengi wao walichagua kubaki. Watu 162,156 walikubaliwa. Lakini sharti lilikuwa kwamba wahame makazi yao na kutawanywa katika mikoa mingine. Hati zikacheleweshwa, na zilianza kutolewa kwa wingi Oktoba 2014 tu, baada ya mpango wa kuwahamisha kukwama. Kwa miaka kadhaa walikuwepo Ulyankulu watu ambao hawakuwa tena Warundi na bado hawakushika hati ya Utanzania. Watoto wao waliozaliwa hapa hawakuijua nchi nyingine.

HOJA YA MWENYEJI

Kada asiyesikiliza malalamiko ya wenyeji hawezi kuwaongoza. Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa saa 24. Ulaya ya 2015, yenye watu zaidi ya milioni 500, iliyumba kisiasa kwa watu kama milioni moja waliofika kwa bahari katika mwaka mzima. Misitu ilikatwa, visima vilikauka, silaha zilivuka mpaka. Mkulima anayeuliza atalima wapi mwanawe hana chuki. Ameuliza swali la uchumi. Mwaka 2018 serikali yetu ilijitoa katika mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuwahudumia wakimbizi, kwa sababu za usalama na ukosefu wa fedha. Mataifa tajiri yanapenda kusifu ukarimu wa maskini huku yakikwepa gharama yake. Uingereza ilidiriki mwaka 2022 kufanya mapatano ya kuwapeleka Rwanda watu walioomba hifadhi kwake. Mpango huo ulitamkwa kuwa haramu na Mahakama yake Kuu ya Juu mwaka 2023, ukafutwa mwaka 2024.

Lakini hoja ya uchumi ina hatari ya kugeuzwa kuwa hoja ya damu. Katika Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013 yalisikika malalamiko ya watu walioishi nchini miaka mingi na kutenganishwa na familia zao. Leo anaulizwa Mrundi. Kesho ataulizwa Mmanyema, kesho kutwa Mtuta. Katika nchi ya njia ya misafara, atakayebaki bila kuulizwa ni nani?

WAJIBU WETU

Tunajifunza nini? Kwanza, taifa letu halikutokana na damu. Lilitokana na njia, kazi, lugha ya Kiswahili na mapambano ya pamoja. Pili, huruma isiyo na ardhi na sheria haidumu. Utani ulidumu kwa sababu ulikuwa kanuni, na Ulyankulu ilisimama kwa sababu mgeni alipewa jembe. Tatu, anayebishana juu ya ngazi za upendo ameliruka swali la msingi, nalo ni nani anafaidika kwa kuwagombanisha mkulima mwenyeji na mkulima mgeni.

Kwa hiyo kada wa Usoke, Urambo au Kaliua ana kazi mahsusi. Mgogoro wa shamba ukifika mbele yake, aamue kwa mipaka ya shamba na sheria ya ardhi, asianze kuuliza babu wa mtu alizaliwa wapi. Raia mwenye hati asiitwe mkimbizi katika mkutano wa kijiji. Na kijana anayesoma shuleni afundishwe kwamba wapagazi wa Kinyamwezi walipokelewa ugenini kabla Unyamwezi haujapokea mtu kwa treni. Imani yetu ya kwanza inasema kwamba binadamu wote ni sawa. Haikuweka kituo cha mpaka katikati ya sentensi hiyo.