Usiku wa Lubumbashi: wafu ambao hesabu yao haikutolewa

Tarehe 24 mwezi wa nne mwaka wa 1990, Raisi Mobutu alitangaza mwisho wa utawala wa chama kimoja. Vyuo vikuu vikachemka mara moja. Lubumbashi, katika jimbo lililoitwa Shaba wakati huo, wanafunzi waliwapiga wenzao waliodhaniwa kuwa wapelelezi wa serikali.

Kisha ukaja usiku wa tarehe 11 kuamkia tarehe 12 mwezi wa tano. Umeme ulikatika kwenye kampasi, na watu wenye silaha wakaingia katika mabweni. Walionusurika walisimulia kwamba watu walichaguliwa kufuatana na jimbo walikotoka: huyu aachwe, huyu akatwe.

Wamekufa wangapi? Serikali ilikubali mtu mmoja tu. Wengine walisema makumi, wengine mamia. Ubelgiji iliomba uchunguzi wa kimataifa, Mobutu akakataa; Ubelgiji ikasimamisha msaada wake. Baadaye gavana wa jimbo na watu wengine walihukumiwa mahakamani. Lakini kesi haikutoa orodha ya majina ambayo wote wangeiamini, na kwa mzazi aliyemtafuta mtoto wake, orodha ndiyo ilikuwa jambo la kwanza.

Mwaka uleule, Marekani ilipitisha sheria juu ya jambo hilohilo la kuficha, ingawa kisa chake kilikuwa tofauti kabisa. Mwaka wa 1986 Jeanne Clery, binti wa miaka 19, aliuawa na mwanafunzi mwenzake ndani ya bweni katika Chuo Kikuu cha Lehigh, Pennsylvania. Wazazi wake waligundua kwamba makosa 38 ya jeuri yalikuwa yametokea hapo katika miaka mitatu, wala familia hazikuambiwa. Walipigana mpaka sheria ikapatikana. Tangu hapo, chuo kinachopokea pesa za serikali kuu kwa masomo lazima kitangaze kila mwaka hesabu ya uhalifu wake, na kuwaonya wanafunzi hatari inapotokea. Kinachoficha hulipa faini: mwaka wa 2024, Chuo Kikuu cha Liberty kilitozwa dola milioni 14.

Hata huko, basi, vyuo bado vinaficha. Tofauti ni kwamba mzazi ana karatasi ya kudai. Familia za Lubumbashi zilidai kwa mdomo mtupu, na wengine wao hawakupewa hata mwili wa kuzika.