Kiima na Kiarifu: Utaratibu wa Kiingereza Ulitoka Wapi?

Leo twatazama kiima na kiarifu katika sentensi ya Kiingereza. Kiima ni mtu au kitu kinachotajwa. Kiarifu ni habari inayotolewa juu yake.

Zamani, kabla ya mwaka 1066, Waingereza waliweza kumtaja mfalme mwanzoni au mwishoni mwa sentensi, na maana isipotee. Akiwa mtendaji waliandika "se cyning". Akiwa mtendwa, "thone cyning". Lakini maumbo hayo yalikwisha anza kudhoofika. Mwaka 1066 Wanormani wakaitwaa nchi, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa, na maumbo yale yakazidi kupotea. Hata ilipotolewa sheria mwaka 1362 kwamba mashauri yasemwe mahakamani kwa Kiingereza, mtendaji alikuwa akitambuliwa zaidi kwa mahali pake: kiima mbele, kiarifu nyuma.

Basi shahidi akisema "The man hit the boy," aliyepiga ni mwanamume. Akisema "The boy hit the man," lawama humwangukia mtoto, ingawa maneno ni yale yale!

Sisi twasema "Anasoma," na sentensi imetimia, kwa sababu kiima kimo katika "a-". Mwingereza akisema "Reads" tu, msikilizaji hungoja; ni lazima aseme "He reads."

Kwa hiyo, kabla ya kutia nukta, jiulize: Ni nani? Amefanya nini?