Thalamasi: Nyuma ya Milango ya Fahamu

Kila aliyepita shule ya msingi anaijua milango mitano ya fahamu: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Somo huishia hapo, mlangoni. Lakini mwanga ukishaingia jichoni, au sauti ikishatikisa kiwambo cha sikio, habari yake inakwenda wapi? Kwa milango minne kati ya hiyo mitano jibu ni moja: inapita kwenye thalamasi kabla ya kufika kwenye gamba la ubongo, yaani lile tabaka la juu lenye mikunjo tunalolitumia kutambua na kuwaza. Harufu peke yake ndiyo inayofika kwenye gamba bila kuanzia huko.

Thalamasi ziko mbili, ya kulia na ya kushoto, katikati kabisa ya ubongo, juu ya shina lake. Kila moja ina umbo la yai dogo, na urefu wake ni sentimeta 3 hadi 4. Ndani yake seli za neva zimejikusanya katika makundi yaitwayo viini. Kipo kiini cha habari za macho, kipo cha masikio, kipo cha mguso na maumivu. Vingine havishughuliki na hisi, vinahusika na mwendo, kumbukumbu na umakini.

Neno lenyewe asili yake ni Kigiriki, na maana yake ni chumba cha ndani, hasa cha maharusi. Galen, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 2, ndiye anayetajwa kuwa alilihamishia kwenye ubongo. Nyumba za mawe za Lamu zina chumba cha namna hiyo, nacho huitwa ndani, kwa hiyo kishawishi cha kutafsiri kwa kufuata maana kipo. Mimi nakikataa, kwa kuwa jina hilo la kale halisemi lolote kuhusu kazi ya kiungo. Thalamasi inatosha: sauti ya th tunayo katika thamani na thelathini, silabi zote zinaishia kwa irabu, na ngeli ya I-ZI inaipokea bila taabu. Tena inatupa jina la jirani yake wa chini, haipothalamasi, inayosimamia joto la mwili, njaa na homoni.

Tafsiri inayonisumbua zaidi ni ile ya kuiita kituo cha kupokezana habari. Ni nyepesi kueleweka, na ndiyo picha iliyozoeleka, ila inamfanya msomaji aamini kwamba thalamasi hupokea na kupitisha tu. Tazama kiini cha macho. Miunganiko inayokifikia kutoka kwenye jicho ni kama asilimia 10 tu ya miunganiko yake yote. Inayoshuka kutoka kwenye gamba la ubongo ni mingi zaidi. Maana yake gamba linaiambia thalamasi nini kipite na nini kizuiwe. Juu ya hayo, thalamasi imezungukwa na utando mwembamba wa seli ambazo kazi yao ni kuzuia. Usiku seli hizo zinaanzisha mawimbi mafupi ya usingizi, kama 12 hivi kwa sekunde, na habari nyingi za nje zinakwamia hapo. Ndiyo maana mtu aliyelala hasikii kila kinachosemwa chumbani, ingawa masikio yake yako wazi.

Mpigo huo wa mawimbi ukiharibika, matokeo yanaonekana hata darasani. Mwalimu anasoma imla. Mtoto wa miaka saba anasimamisha kalamu katikati ya neno, macho yanaganda, kope zinachezacheza. Baada ya sekunde kama kumi anaendelea kuandika, na sentensi moja imempita. Haanguki, hatoi povu, kwa hiyo hakuna anayefikiria kifafa. Anaambiwa ana ndoto za mchana, na huenda akachapwa. Kumbe ni kifafa kamili: thalamasi na gamba la ubongo vimenaswa katika mawimbi matatu kwa sekunde, na fahamu imekatika. Dawa ya etosuksimidi husaidia kwa kuzuia njia za kalsiamu katika seli za thalamasi. Kabamazepini, inayofaa kwa aina nyingine za kifafa, inaweza kuizidisha hii. Kwa hiyo kuutambua ugonjwa kwa jina lake sahihi kuna uzito wa moja kwa moja kwa mtoto.

Kwa watu wazima adui mkubwa ni shinikizo la damu. Mishipa inayolisha thalamasi ni myembamba, na shinikizo lisilotibiwa huipasua au kuiziba. Mwaka 1906 Jules Dejerine na Gustave Roussy walieleza mjini Paris hali inayoweza kufuata kiharusi cha hapo: upande mmoja wa mwili unakufa ganzi, kisha ganzi inageuka maumivu. Shuka ikiteleza juu ya mkono, mgonjwa anasikia kuungua. Upepo wa feni unachoma. Ngozi ni nzima, na dawa za kawaida za maumivu hazimfai, hivyo ndugu huanza kudhani anadeka. Hadeki. Maumivu yanatengenezwa ndani ya ubongo wenyewe, nayo yana dawa zake, amitriptilini ikiwa mojawapo.

Kisha kuna suala la fahamu yenyewe. Karen Ann Quinlan wa New Jersey, Marekani, alizimia mwaka 1975 akiwa na miaka 21, na hakuzinduka hadi alipofariki mwaka 1985. Wengi walitarajia kwamba gamba la ubongo ndilo lililoangamia. Taarifa ya uchunguzi wa ubongo wake ilipochapishwa mwaka 1994, ilionyesha kwamba uharibifu mkubwa kuliko wote ulikuwa kwenye thalamasi. Mwaka 2007 madaktari wa Marekani walieleza habari za mwanamume wa miaka 38 aliyeumizwa kichwa na kubaki na fahamu finyu kwa miaka sita. Walimpandikizia nyaya za umeme katikati ya thalamasi zote mbili. Akaanza kutaja majina ya vitu, na chakula akaweza kukitafuna na kukimeza kwa kinywa chake mwenyewe.